Misimbo ya 4xx: Kwa Nini Seva Hulikataa Ombi

Misimbo ya makosa ya mteja ni namba za tarakimu tatu zinazoanza na 4. Seva ya tovuti huzituma inapoona kuwa ombi lililoifikia haliwezi kutimizwa kwa sababu iliyomo ndani ya ombi lenyewe, au kwa sababu ya aliyelileta. Inayojulikana kuliko zote ni 404, lakini kundi hili lina zaidi ya misimbo 20, na kila mmoja una chanzo chake na dawa yake. Katika mazungumzo ya kawaida nchini Tanzania yote humezwa na kauli moja: “mtandao unasumbua”, au “sistimu imegoma”. Kauli hiyo huchanganya mambo matatu yasiyofanana, yaani njia iliyokatika, seva iliyoharibika na ombi lililokataliwa. Misimbo ya 4xx inahusu hilo la tatu tu, na hilo ndilo ambalo mwenye ombi mara nyingi anaweza kulitatua mwenyewe, mradi ajue amekataliwa kwa nini.

Safari ya ombi

Mikese iko kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Morogoro, upande wa mashariki wa mji wa Morogoro. Mhitimu wa kidato cha nne aliyeko hapo, akitaka kuona matokeo yake kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), huanzisha mfululizo wa hatua asizoziona. Simu huuliza kwanza jina la tovuti lina anwani gani ya namba. Kisha hufungua muunganisho kupitia mnara wa simu, mitambo ya kampuni ya simu na nyaya za mkongo hadi kwenye seva. Muunganisho huo husimbwa ili usisomwe na watu wa kati. Hatua zote hizo zikikamilika ndipo ombi lenyewe linapotumwa, likiwa na tendo linalotakiwa (GET kwa kusoma, POST kwa kuwasilisha), anwani ya ukurasa, vichwa vyenye maelezo ya ziada na, kwa fomu, mwili wenye taarifa zilizojazwa. Seva husoma, huamua, na mstari wa kwanza wa jibu lake huwa na msimbo.

Yanayoharibika kabla ya hapo hayana msimbo. Mawimbi yakizibwa na mgongo wa Milima ya Uluguru, bando likiisha, jina la tovuti likikosewa au likiachwa bila kulipiwa, au tarehe ya simu ikiwa si sahihi hata cheti cha usalama kionekane batili, kivinjari huandika ujumbe wake chenyewe. Namba ya seva haipo kwa sababu seva haijafikiwa. Hapo ndipo inapotoka kanuni ya kwanza ya uchunguzi: namba inayoanza na 4 ikionekana, safari imekamilika. Ombi limeifikia seva, au mlinzi aliyewekwa mbele yake, limesomwa, na limekataliwa. Isipokuwa kwa 408, itakayoelezwa mbele, kupanda kilimani kutafuta mtandao wenye nguvu zaidi hakutabadilisha jibu.

Namba zilikotoka

Tim Berners-Lee alipobuni wavuti katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, toleo la kwanza la itifaki ya HTTP, lililoelezwa mwaka 1991, halikuwa na misimbo kabisa. Seva ilituma ukurasa, au ilituma maandishi ya kueleza tatizo, na mashine haikuwa na njia ya kutofautisha hayo mawili. Misimbo iliingizwa katika rasimu zilizofuata, ikachapishwa katika HTTP/1.0 mwezi Mei 1996, kisha ikapanuliwa katika HTTP/1.1 mwaka 1997 na 1999. Waraka unaotawala maana zake leo ni RFC 9110 wa Juni 2022, na orodha rasmi hutunzwa na IANA, chombo kinachoratibu namba za intaneti duniani.

Utaratibu wa tarakimu tatu ulirithiwa kutoka itifaki za zamani zaidi za kuhamisha mafaili na barua pepe. Lakini maana ilibadilishwa. Katika itifaki ya barua pepe ya mwaka 1982, tarakimu 4 mbele humaanisha kushindwa kwa muda na tarakimu 5 kushindwa kwa kudumu. Katika wavuti swali si la muda. Tarakimu 4 inasema tatizo liko upande wa anayeomba, na 5 inasema liko upande wa seva. Fundi aliyezoea seva za barua akiingia kwenye wavuti na maana ile ya zamani hukosea mara mbili: huzirudia 4xx bila faida, na huzikatia tamaa 5xx ambazo zingepona baada ya dakika chache.

Hadithi inayosambaa kwamba 404 ilikuwa namba ya chumba huko CERN kilichohifadhi seva ya kwanza haina msingi. Robert Cailliau, aliyefanya kazi na Berners-Lee tangu mwanzo, ameikanusha. Namba hiyo ilitokana na mpangilio wa makundi tu.

Makundi matano na mpaka wa lawama

Tarakimu ya kwanza hugawa majibu katika makundi matano. 1xx ni taarifa za katikati, 2xx ni mafanikio, 3xx ni maelekezo ya kwenda anwani nyingine, 4xx ni kosa la mteja na 5xx ni kosa la seva. Programu isiyoujua msimbo fulani inatakiwa kuutendea kama msimbo wa kwanza wa kundi lake. Kwa mfano, 499 isiyofahamika husomwa kama 400. Kwa hiyo misimbo mipya inaweza kuongezwa bila kuvunja programu za zamani.

Tofauti kati ya 4xx na 5xx inaonekana wazi kwenye mizani ya magari ya Mikese. Lori likizidisha uzito unaoruhusiwa, dereva hawezi kupona kwa kuzunguka na kupima tena mzigo uleule. Lazima mzigo ubadilike. Mizani yenyewe ikiharibika, foleni hungoja fundi na dereva hana la kupunguza. 4xx ni mzigo, 5xx ni mizani.

Neno “mteja” hapa lisimdanganye msomaji. Mteja ni programu inayotuma ombi, si lazima awe mtu aliyeishika simu. Kiungo kibovu kilichoandikwa na mwenye tovuti humletea mgeni 404 ambayo yeye hakuisababisha. Msimbo ni kauli ya seva kuhusu ombi, na kauli hiyo inaweza kuwa sahihi, ya makosa, au ya kuficha kwa makusudi.

Ombi lililokosewa umbo

Msimbo wa 400 ndio wa jumla: seva haikuelewa ilichoambiwa, au ilikiona kina kasoro ya wazi. Sababu moja ya kawaida haijulikani na wengi. Tovuti huweka vidakuzi (cookies) kwenye kivinjari, na vikirundikana, vichwa vya ombi huzidi kipimo. Kiwango chaguomsingi cha seva ya Apache ni baiti 8190 kwa kichwa kimoja. Seva nyingi hujibu 400 hapo, ingawa tangu Aprili 2012 kuna msimbo maalumu, 431, kwa kosa hilohilo. Dawa ni kufuta vidakuzi vya tovuti husika, na ukurasa unaogoma kwenye simu moja huku ukifunguka kwenye simu ya jirani mara nyingi una ugonjwa huu. Anwani yenyewe ikiwa ndefu kupita kiasi, jibu lake ni 414.

413 humaanisha kilichotumwa ni kikubwa kuliko kinachopokelewa. Msimbo huu huwapata sana wanaopakia vyeti. Seva ya nginx, ambayo ni kati ya zinazotumika zaidi duniani, isipobadilishwa na fundi hukataa mwili wa ombi unaozidi megabaiti 1. Picha ya cheti cha kuzaliwa iliyopigwa kwa simu ya kisasa huzidi hapo kwa urahisi, wakati nakala iliyopitishwa kwenye skana ya steshenari kwa kiwango cha chini haizidi. Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu au wa nafasi ya ajira anayekutana na 413 anatakiwa kupunguza ukubwa wa faili, si kungoja usiku mtandao utulie. Ndugu yake ni 415, inayosema aina ya faili haikubaliki, kwa mfano picha ilipotakiwa PDF. 411 hudai urefu wa mwili utajwe. 405 husema tendo lililotumika haliruhusiwi kwenye anwani hiyo, na seva inalazimika kutaja yanayoruhusiwa.

422 una kazi ya kipekee. Ulianzia katika nyongeza ya HTTP iitwayo WebDAV mwaka 1999 na leo umeingizwa katika RFC 9110. Hutumika pale umbo la ombi ni sahihi, lakini maana yake haikubaliki. Namba ya kitambulisho cha NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Fomu iliyopokea tarakimu 19 ina kasoro ya umbo. Iliyopokea 20 zenye tarehe ya 30 Februari ina umbo kamili lakini siku isiyokuwepo kwenye kalenda. Mtengenezaji makini hujibu 422 kwa kosa hilo la pili na kutaja sehemu iliyokosewa. Asiye makini hujibu 400 kwa yote na kumwacha mwombaji akirudia fomu nzima.

Utambulisho na ruhusa

401 na 403 huchanganywa hata na wenye kazi. Tofauti iko kwenye swali lililobaki bila jibu. 401 inasema seva haijui anayeomba ni nani: hajaingia, nywila imekosewa, au tokeni yake imekwisha muda. Kanuni inaitaka seva iseme pia ni njia gani ya kujitambulisha inayokubalika. 403 inasema ombi limeeleweka na seva haikubali kulitimiza. Kuandika tena nywila ileile hakusaidii. Kinachohitajika ni ruhusa nyingine, au kuachana nalo. 407 hufanana na 401, ila anayetaka kitambulisho ni seva wakala, kama zile zinazowekwa na vyuo na ofisi kwenye njia ya kutokea.

Tokeni iliyokwisha muda ndiyo chanzo kikubwa cha 401 kwa watu waliokuwa wameingia vizuri. Mtu akianza kujaza fomu ndefu, umeme ukakatika, akarudi baada ya saa mbili, kipindi chake kinaweza kuwa kimefungwa. Fomu iliyobuniwa vizuri huhifadhi yaliyojazwa kabla ya kumrudisha mlangoni.

403 nayo hutumika na vizuizi vya usalama vinavyokaa mbele ya tovuti na kuhukumu kwa anwani ya intaneti. Hapa mtumiaji wa Afrika Mashariki ana mzigo wa ziada. Anwani za IPv4 zilizobaki kwa bara la Afrika ni chache, na AFRINIC, inayozigawa, iliingia awamu ya mwisho ya kuzibania Januari 2020. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Mmoja akitumia programu ya kushambulia tovuti, anwani hiyo ikafungiwa, mwenzake wa Mikese asiye na hatia hupata 403 ileile. Kwake dalili ni kwamba ukurasa unafunguka anapohamia laini ya kampuni nyingine.

Kuzunguka 403 ni jambo la kisheria pia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaufanya kosa la jinai uingiaji wa makusudi na usio halali katika mfumo wa kompyuta. Kwa upande wa mwenye mfumo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka alinde taarifa alizonazo. Nazo kanuni za HTTP zinairuhusu seva kujibu 404 badala ya 403 pale ambapo kukiri tu kwamba kitu kipo ni kuvujisha siri. Faili la mgonjwa ni mfano wa wazi. Jibu la “huruhusiwi” limekwisha kumwambia mdadisi kwamba mtu huyo ana faili hapo.

Kilichokosekana

404 husema seva haikupata kitu kwenye anwani iliyotajwa, au haiko tayari kukiri kuwa kipo. Haisemi kama kiliwahi kuwepo wala kama kitarudi. Chanzo cha kawaida ni anwani kukosewa. Kurasa za matokeo ya NECTA zimepangwa kwa namba ya kituo cha mtihani, na anayeandika anwani kwa mkono anaweza kukosea tarakimu moja. Seva nyingi zinazotumia Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo katika sehemu inayofuata jina la tovuti, kwa hiyo “S” na “s” zinaweza kuwa faili mbili tofauti. Chanzo kingine ni haraka: kiungo husambazwa WhatsApp kabla ukurasa haujawekwa, na 404 ya saa nne asubuhi huwa ukurasa kamili saa sita.

410 ni kauli nzito zaidi: kitu kilikuwepo, kimeondolewa, na hakitarajiwi kurudi. Mitambo ya kutafuta inaweza kuichukulia hivyo na kupunguza kuuliza. Tangazo la kazi lililopita muda wake linafaa kupewa 410, lakini wenye tovuti wengi huacha 404 kwa kuwa haihitaji kazi yoyote.

Tatizo hili hukua kwa umri. Utafiti wa Pew Research Center uliotolewa Mei 2024 ulionyesha kuwa asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka 10 baadaye. Kwa taasisi za umma chanzo kikubwa ni mabadiliko ya muundo. Wizara ikiunganishwa au kugawanywa, au tovuti ikijengwa upya na mkandarasi mwingine, anwani zote hubadilika na viungo vilivyochapishwa magazetini na katika tasnifu za wanafunzi wa vyuo kama Sokoine na Mzumbe hubaki vinaelekea pasipo kitu. Dawa iko kwa mwenye tovuti: kuweka maelekezo ya 301 kutoka kila anwani ya zamani kwenda mpya. Msomaji hubaki na nakala za Wayback Machine ya Internet Archive, inayotumika na umma tangu 2001, iwapo ukurasa ulibahatika kunakiliwa.

Muda, foleni na mgongano

408 hutumwa pale seva imesubiri ombi likamilike na halikukamilika. Nginx kwa kawaida husubiri sekunde 60 kati ya kipande na kipande. Mtu anayepakia faili kubwa kwa mtandao unaokwamakwama anaweza kuvuka muda huo bila kosa lolote la kwake. Huu ni miongoni mwa misimbo michache ya 4xx ambayo kurudia ombi bila kulibadilisha kunaruhusiwa. Upande wa pili wake ni 499, ambao si rasmi. Nginx huuandika kwenye kumbukumbu zake pale mtumiaji anapofunga ukurasa kabla ya kujibiwa. Mtumiaji hauoni kamwe, lakini fundi akiona 499 zimejaa, anajua watu wamechoka kungoja.

429 husema maombi yamezidi kasi inayoruhusiwa. Ulisajiliwa Aprili 2012 pamoja na 431, na unaweza kuambatana na kichwa kinachotaja sekunde za kusubiri. Siku ya matokeo ya mitihani mzazi anayebonyeza kitufe cha kufungua upya mara kwa mara hujiongezea adhabu. Na kwa kuwa anwani moja hubeba wateja wengi wa kampuni moja ya simu, kikomo kinachohesabu kwa anwani humpa 429 hata aliyebonyeza mara moja. Mbunifu anayewahudumia watu wa simu anatakiwa kuhesabu kwa akaunti au kwa kipindi cha kuingia.

409 ni mgongano na hali iliyopo. Abiria wawili wa treni ya SGR kutoka Morogoro kwenda Dar es Salaam wakichagua kiti kimoja kwa wakati mmoja, wa kwanza hupata na wa pili hufaa kupewa 409, kwa maana ya kwamba ombi lake lilikuwa sahihi ila kiti hakipo tena. 412 na 428 huzuia mgongano wa aina hiyo kabla haujatokea, kwa kudai mteja athibitishe kuwa anahariri toleo la karibuni. 423 husema kitu kimefungwa na mwingine.

Kwa malipo, kundi hili lina somo la pekee. Jibu la 4xx kwa kawaida humaanisha ombi halikutekelezwa. Ukimya haumaanishi hivyo. Muunganisho ukikatika baada ya ombi kutumwa, seva inaweza kuwa imelipokea, imelitekeleza, na jibu ndilo lililopotea njiani. Kwa hiyo kulipa tena baada ya 400 ni salama kuliko kulipa tena baada ya skrini kuganda. Aliyekutana na ukimya aangalie kwanza ujumbe wa simu au salio. Malipo ya Serikali ya Tanzania kupitia mfumo wa GePG hutumia kumbukumbu namba yenye tarakimu 12 kwa kila ankara, na namba ya pekee ya namna hiyo ndiyo huuwezesha mfumo kuyatambua maombi mawili kuwa ni ya deni moja.

Fedha, sheria na mzaha

402, inayodai malipo, iliwekwa mapema kwa matumizi ya baadaye ambayo kwa miongo miwili na zaidi hayakufika. Wavuti iliishia kutegemea matangazo na usajili. Mwaka 2025 msimbo ulianza kupata kazi: Coinbase ilitangaza utaratibu wa x402 wa kulipia maombi kwa fedha za kidijitali, na Cloudflare ikaanza kuutumia 402 kuzidai malipo roboti zinazokusanya maandishi kwa ajili ya akili bandia.

451 ulisajiliwa Februari 2016 baada ya pendekezo la Tim Bray. Namba yake inatokana na jina la riwaya ya Ray Bradbury ya mwaka 1953 kuhusu uchomaji wa vitabu. Hutumika pale kitu kimezuiwa kwa amri au sababu ya kisheria, na unapendekeza seva imtaje aliyedai kizuizi na sheria iliyotumika. Waswahili waishio Ulaya waliukuta baada ya 25 Mei 2018, pale sheria ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya ilipoanza na baadhi ya magazeti ya Marekani yakawafungia wasomaji wa huko badala ya kuitimiza.

Afrika Mashariki vizuizi vingi havitoi msimbo huu. Uganda ilipozima intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na mtandao wa X ulipozuiwa Tanzania kuanzia Mei 2025, watumiaji hawakupewa jibu la 451. Kizuizi kiliwekwa kwenye njia, na waliona ukurasa unaozunguka bila mwisho. Jukwaa la mtandaoni la Tanzania, JamiiForums, liliposimamisha huduma Juni 2018 kwa sababu ya masharti mapya ya maudhui ya mtandaoni, sababu ilijulikana kwa kuwa wenyewe waliieleza. Thamani ya 451 iko hapo: unakifanya kizuizi kijitangaze, na anayetaka kuzuia kimyakimya hana haja nao.

418 ulitoka katika waraka wa mzaha wa Larry Masinter wa Aprili mosi 1998, kuhusu birika la chai linaloombwa kupika kahawa. Watu waliupenda hata RFC 9110 ikauweka kando usipewe kazi nyingine.

Msimbo unapopotosha

Misimbo ina faida ikitumika kwa uaminifu, na si wote wanaoitumia hivyo. Kosa la kwanza ni kujibu 200, yaani mafanikio, kwenye ukurasa unaosema “haupatikani”. Binadamu anaelewa, lakini mtambo wa kutafuta huuhifadhi kama ukurasa halali. Kosa la pili ni kinyume chake: hitilafu ya ndani ya seva kutangazwa kama 400, na mtumiaji akalaumiwa kwa yasiyo yake.

La tatu ni misimbo ya ndani inayofanana na ya HTTP lakini ina maana nyingine. Katika mfumo wa Daraja wa Safaricom, unaowaunganisha wafanyabiashara wa Kenya na M-Pesa, ujumbe wa tokeni batili una namba 404.001.03. Programu inayosoma tarakimu tatu za mwanzo peke yake hutafuta anwani iliyopotea, wakati kasoro ni ya utambulisho na dawa ni kuomba tokeni mpya, kwa kuwa tokeni za mfumo huo hudumu sekunde 3,600. Mwongozo wa watengenezaji ndio wa kufuatwa hapo. Ili kupunguza mkanganyiko wa aina hii, RFC 9457 ya Julai 2023 inaweka muundo mmoja wa kueleza kosa ndani ya jibu: aina yake, kichwa, msimbo na maelezo.

La nne hutokea kwenye programu za simu. Seva hutuma 401, 413 au 429, na programu huyageuza yote kuwa sentensi moja: “Ombi limeshindikana, jaribu tena baadaye.” Ushauri huo unafaa kwa 429 na 408, na unapoteza muda wa mtu kwa 413 na 403. Mhudumu wa steshenari anayejaza fomu za watu wengi kwa siku hulipia ufinyu huo kwa saa na bando, kwa sababu taarifa iliyofika kwenye simu haikufikishwa machoni.

Nani afanye nini

Misimbo yote ya kundi hili hujibu swali moja la kiutendaji: nini kibadilike kabla ya kujaribu tena. Kwa 400, 413, 414, 415, 422 na 431 kibadilike kilichotumwa. Kwa 401 na 407 mwombaji ajitambulishe upya. Kwa 403 na 451 kubonyeza hakusaidii, na uamuzi uko kwa mwenye huduma au mamlaka. Kwa 404 ihakikiwe anwani. Kwa 410 utafutwe mbadala. Kwa 408 na 429 kinachobadilika ni saa tu. Kwa 409 na 412 isomwe kwanza hali mpya, ndipo uamuzi ufanywe.

Mwenye tovuti ana wajibu wake. Kumbukumbu za seva huandika kila 4xx pamoja na anwani iliyoombwa. 404 nyingi kwenye anwani moja zinaonyesha kiungo kibovu kinachohitaji 301. 413 nyingi zinaonyesha kikomo kisicholingana na simu za watumiaji. 401 zinazofuatana kwa akaunti moja zinaweza kuwa mtu anayebahatisha nywila. 429 zinazojaa kutoka anwani za kampuni za simu zinaonyesha kikomo kinachoadhibu umati kwa jina la mtu mmoja. Ukurasa wa kosa nao uandikwe kwa Kiswahili chepesi na ubakishe namba ya msimbo ionekane, kwa sababu namba hiyo ndiyo mtumiaji atakayomtajia fundi kwa simu, na fundi akiisikia anajua aanzie wapi.